El Adde: Hesabu Ambayo Adui Alikuwa Nayo

Kazi yangu ni kuchambua taarifa za usalama: nachukua alichosema msemaji siku ya tukio, nakiweka kando ya yale yaliyojulikana miezi baadaye. Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: kwani jeshi halina haki ya kuficha mambo? Linayo. Kikosi kitapita njia gani kesho, hilo si la kutangaziwa mtu. Lakini waliouawa jana, wauaji wao wanawajua tayari. Ukiificha idadi hiyo, hujamficha adui.

Chukua El Adde. Alfajiri ya Ijumaa, 15 Januari 2016, Al-Shabaab waliivamia kambi ya wanajeshi wa Kenya waliokuwa chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, katika eneo la Gedo, Somalia. Walianza na gari lililojaa vilipuzi, kisha wapiganaji wakaingia. Taarifa ya kwanza ya jeshi letu ilisema kambi iliyoshambuliwa ni ya jeshi la Somalia, na kwamba vijana wetu walikwenda kuwasaidia jirani zao. Maelezo hayo hayakudumu. Siku chache baadaye mkuu wa majeshi mwenyewe alikuwa akieleza ukubwa wa bomu lililolipuka ndani ya kambi yetu, akililinganisha na lile la ubalozi wa Marekani Nairobi mwaka 1998.

Idadi ya waliokufa haikutolewa. Ibada ya kuwaaga ilifanyika Eldoret, marais watatu wakahudhuria, na bado idadi haikutajwa. Mmoja wa marais hao, Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia, ndiye aliyekuja kusema kwenye televisheni kuwa waliokufa walikuwa kati ya 180 na 200. Kenya ilikanusha, bila kutoa hesabu yake. Mwezi Mei, shirika la habari la CNN likafikia angalau 141. Tangu Januari waziri wa usalama wa ndani alikuwa ameonya kwamba atakayesambaza picha za wanajeshi waliouawa atakamatwa, na mwandishi mmoja wa habari alikamatwa kweli. Al-Shabaab walikuwa na kamera kambini, kwa hiyo wao walikuwa na kila kitu. Waliobaki gizani ni familia zilizosubiri vipimo vya DNA, wabunge wanaopitisha bajeti ya ulinzi, na wanajeshi waliokuwa wakipangiwa kambi za namna ile ile.

Hao wa mwisho ndio wanaonisumbua zaidi. Kambi ndogo, mbali na msaada, geti ambalo gari la bomu linaweza kulifikia: huo ni udhaifu unaojadilika, na kila mjadala wa wazi ungeanza na swali "tumepoteza wangapi, na kwa nini?" Bila idadi, hakuna wa kuulizwa. Mwaka mmoja na siku kumi na mbili baadaye, Ijumaa nyingine, 27 Januari 2017, kambi ya wanajeshi wetu ya Kulbiyow, Somalia, ilipigwa kwa mtindo ule ule wa magari ya mabomu alfajiri. Jeshi likasema wamekufa 9. Al-Shabaab wakadai zaidi ya 50. Sidai kwamba adui ndiye aliyesema kweli. Naye ana sababu zake za kuongeza chumvi. Lakini baada ya El Adde, ni Wakenya wangapi walioiamini ile 9?

Mpeketoni ilikuwa mbaya kwa namna nyingine. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa huko Lamu. Al-Shabaab walijitangaza kuwa ndio waliofanya. Rais Uhuru Kenyatta akalihutubia taifa kusema si Al-Shabaab, ni mitandao ya kisiasa ya hapa hapa. Iwe alidanganya au alidanganywa, polisi walifuata maneno hayo: gavana wa Lamu alikamatwa, kesi ikafa kwa kukosa ushahidi. Wauaji wakarudi mwanzoni mwa Julai, wakachinja watu katika vituo vya Hindi na Gamba. Operesheni ya kuwafurusha Al-Shabaab katika msitu wa Boni, Lamu, ilizinduliwa Septemba 2015 tu. (Westgate, lile jengo la maduka la Nairobi lililovamiwa mwaka 2013, siitaji sana, maana ile hadithi ya serikali kwamba moshi ulitokana na magodoro na kwamba magaidi walikuwa 10 hadi 15, wakati kamera zilionyesha wanne, Wakenya wengi wanaijua. Tume ya uchunguzi iliyoahidiwa haikuundwa.)

Watetezi husema ukweli huvunja ari ya askari. Askari huyo ana simu, na ana wenzake waliokuwa kule. Anachojifunza ni kwamba akifa, kifo chake kinaweza kufanywa siri.

Kifungu cha 240 cha Katiba kinalitaka Baraza la Usalama wa Taifa liripoti kwa Bunge kila mwaka kuhusu hali ya usalama. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize kama El Adde ilishawahi kuandikwa humo, na kwa idadi gani.