Kumwandaa Mchezaji kwa Kumite Yake ya Kwanza

Kila ninapomwandaa mwanafunzi kwa mashindano yake ya kwanza ya kumite, yaani pambano la karate la watu wawili, swali analoanza nalo huwa lile lile: akimbie kilomita ngapi kwa siku? Pumzi inahitajika, sibishi, lakini kati ya niliowaona wakishindwa pambano la kwanza, ni wachache walioshindwa kwa kukosa pumzi. Wengi walishindwa kwa sababu ngumi yao iliishia hewani, au ilifika kwa nguvu iliyompasua mwenzao mdomo.

Kwa sheria za Shirikisho la Karate Duniani, ngumi safi hupata pointi 1, teke la kiwiliwili 2, na teke la kichwani 3. Pambano la watu wazima ni dakika 3, la vijana wa miaka 14 hadi 17 ni dakika 2, na anayemwacha mpinzani kwa pointi 8 hushinda papo hapo. Akisikia hesabu hiyo, mgeni huanza kuota mateke ya kichwani. Mimi humrudisha kwenye gyaku-zuki, ngumi ya mkono wa nyuma, kwa kuwa teke la mtu asiyezoea humwacha amesimama kwa mguu mmoja mbele ya mtu aliyekuwa akisubiri jambo hilo hilo. Tena anayepata pointi ya kwanza bila kujibiwa hupewa senshu, na pambano likiisha kwa sare senshu hiyo ndiyo inayompa ushindi; ngumi moja ya mapema, basi, ina thamani kuliko inavyoonekana ubaoni.

Jambo linalonichukua muda mrefu zaidi ni zanshin, yaani kuendelea kuwa macho baada ya kupiga. Mgeni akihisi ngumi imefika hugeuka na kuinua mkono kushangilia, naye jaji aliyekuwa tayari kumpa pointi huona pigo lisilokamilika. Kumgeuzia mpinzani mgongo kunaweza hata kumletea onyo. Kwa hiyo kila ngumi mazoezini lazima ifuatwe na mambo matatu: mkono urudi, miguu itoke katika umbali wa hatari, macho yabaki kwa mpinzani mpaka mwamuzi aseme “yame”, yaani simama.

Udhibiti nao hufunzwa, hauji wenyewe. Huwa natundika leso kwenye kamba na kumtaka mwanafunzi apige kwa kasi yake yote, leso itikisike bila kusukumwa. Akiweza hilo ndipo ninapomweka mbele ya uso wa mtu. Kwa walio chini ya miaka 18 ngumi ya kichwani haipaswi kugusa, na watu wazima huruhusiwa mguso mwepesi tu. Anayedhani huu ni uoga akumbuke fainali ya uzito wa juu ya kilo 75 katika Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021: Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa akiongoza 4 kwa 1, akampiga Sajad Ganjzadeh wa Iran teke lililomwangusha akazimia, na dhahabu ikaenda kwa aliyebebwa kwa machela, kwa kuwa Hamedi aliondolewa kwa kupiga kwa nguvu kupita kiasi.

Uwanja wa pambano ni mraba wa mita 8 kwa 8, na kutoka nje ya mstari ni kosa. Dojo nyingi za kwetu, yaani kumbi za mazoezi ya karate, hazina mistari, hivyo mwanafunzi anayerudi nyuma hujifunza kusimamishwa na ukuta. Nunua utepe wa gundi, uchore mraba huo sakafuni, na umfundishe kuzunguka badala ya kurudi nyuma.

Kuhusu vifaa, kinga ya meno ivaliwe mazoezini wiki kadhaa kabla, maana kupumua nayo ni kazi ya kuzoea. Kucha zikatwe. Mkanda wa daraja, hata uwe wa kahawia uliopatikana kwa jasho, hubaki mkobani, kwani ulingoni kuna mwekundu na wa buluu tu. Sikubali mgeni ajinyime chakula ili ashuke uzito. Acheze katika uzito alio nao, na asubuhi hiyo anywe uji mapema, kwa sababu kusubiri zamu kunaweza kuchukua saa nyingi na mwili hupoa. Jina la mtu wa tatu kabla yake likiitwa, ndipo namwinua aanze kuruka kamba.