Retrovirusi: neno "retro" halisemi kwamba vinarudi

Mwezi huu nimelisikia mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye matatu ya Kondele, ya pili nje ya kanisa, na juzi kwenye kikao cha chama chetu hapa Nyalenda. Dada mweka hazina alieleza kwa kujiamini kwamba retrovirusi vinaitwa hivyo kwa kuwa "vinarudi" mtu akiacha dawa. Jirani yake akaongeza kwamba hata Korona ni retrovirusi, maana nayo ilirudi mara kadhaa.

Maana yenyewe ni fupi. Ni virusi vyenye vinasaba vya RNA ambavyo, vikishaingia katika seli, hunakili RNA hiyo kuwa DNA, na nakala hiyo ikapachikwa ndani ya DNA ya seli, yaani hifadhi ya maagizo yake ya urithi. VVU ni mojawapo.

Jina ndilo linalonikera. Upande wa "virusi" hauna tatizo: ni neno la Kilatini lenye maana ya sumu, nasi tulipolipokea tukalisikia kama wingi, tukalizalia umoja wake, kirusi. Ndivyo tulivyofanya hata na kitabu cha Waarabu tukapata vitabu. Lakini "retro", Kilatini pia, ni "kwa nyuma", na hapa kinachokwenda kinyume ni unukuzi, yaani kule kunakili.

Chukua daftari kubwa la chama, linalokaa kwa katibu. Anayehitaji hesabu hunakiliwa kipande cha karatasi kutoka humo, akaenda nacho kufanya kazi. Seli hufanya hivyo: DNA hunakiliwa kuwa RNA, na RNA husomwa kutengeneza protini. Retrovirusi huja na karatasi yake kutoka nje, kisha ile karatasi ndiyo inayonakiliwa ndani ya daftari. Seli ikigawanyika, daftari lote hunakiliwa, pamoja na ule mstari wa mgeni.

Mwanasayansi Howard Temin alilisema jambo hili miaka ya 1960, akichunguza kirusi cha saratani ya kuku ambacho Peyton Rous alikuwa amekieleza mwaka 1911. Wanasayansi wengi walimkatalia, kwa sababu walizoea kuona habari ikitoka kwenye DNA tu. Mwaka 1970 yeye na David Baltimore, kila mmoja katika maabara yake, wakakipata kimeng'enya chenyewe kinachonukuu kinyume. Tuzo ya Nobel ikaja mwaka 1975. Kwangu mimi, silabi mbili za "retro" zimebeba miaka yote hiyo ya kukataliwa, na ndiyo maana nasikitika zikifanywa "kurudi".

Korona basi haimo. Nayo ina RNA, lakini hutoa RNA kutoka RNA na haipitii DNA. Virusi vya mafua ni hivyo hivyo.

Hata dawa zinaelewa jina hili vizuri kuliko sisi. AZT, mojawapo ya dawa za VVU, ilitengenezwa mwaka 1964 kwa matumaini ya kuzuia seli za saratani zisigawanyike, ikashindwa, ikawekwa kando. Katikati ya miaka ya 1980, dawa nyingi zilipokuwa zikijaribiwa moja moja dhidi ya VVU, ikaonekana kwamba kimeng'enya cha unukuzi kinyume huidaka kama kijenzi halali cha DNA, na uzi unakatikia hapo. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Katika kile kidonge kimoja cha kila siku ambacho wengi hapa Kenya hutumia sasa, tenofovir na lamivudine huziba hatua hiyo hiyo, na dolutegravir huzuia nakala isipachikwe.

Kwa hiyo, dada yangu mweka hazina, ni kweli kwamba mtu akiacha dawa virusi huongezeka tena. Vinatoka kwenye mistari iliyokwisha kuandikwa daftarini, kwa kuwa dawa huzuia mipya na haifuti ya zamani. Ila jina halikutoka hapo.