Utafiti wa kuzuia kujifungua kabla ya wakati: kwa nini fedha za serikali zinahitajika?

Mtoto njiti ni yupi?

Ni mtoto aliyezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 pekee walizaliwa watoto njiti wapatao milioni 13.4, na matatizo yatokanayo na kuzaliwa mapema ndiyo yanayoongoza kwa kusababisha vifo vya watoto walio chini ya umri wa miaka 5.

Kampuni za dawa zina maabara na fedha. Kwa nini kazi hii isiachiwe wao?

Kwa sababu kampuni huchunguza kile kitakachouzika. Aspirini, kwa mfano, ni dawa ya zamani na ya bei nafuu ambayo kiwanda chochote kinaweza kuitengeneza, kwa hiyo ni vigumu kumpata mfanyabiashara atakayegharimia jaribio la maelfu ya wajawazito ili kujua kama inazuia uchungu wa mapema.

Marekani, ambayo hutajwa sana katika utafiti huu, imefanya nini?

Mwaka 1962 iliundwa taasisi ya taifa ya afya ya mtoto, inayofahamika kwa kifupi kama NICHD. Mwaka uliofuata, Patrick, mtoto wa Rais John F. Kennedy, alizaliwa takriban wiki tano na nusu kabla ya wakati, akafariki siku mbili baadaye kwa sababu mapafu yake hayakuwa yamekomaa. Hata familia ya rais haikuwa na tiba ya kukimbilia. Mwaka 1986 taasisi hiyo ilianzisha mtandao wa hospitali zinazofanya majaribio ya pamoja kuhusu mimba, na Desemba 2006 Rais George W. Bush alitia saini sheria iitwayo PREEMIE, iliyoagiza utafiti, takwimu na elimu kuhusu uzazi wa mapema vipanuliwe. Sheria hiyo ilihuishwa mwaka 2013 na tena mwaka 2018. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba sheria ya aina hii huidhinisha matumizi tu. Fedha zenyewe hupiganiwa katika bajeti ya kila mwaka.

Je, utafiti huo umeleta manufaa?

Umeleta, ingawa si kwa njia iliyonyooka. Mwaka 2003 mtandao huo ulitangaza kwamba sindano ya kila wiki ya homoni ya jamii ya projesteroni, yaani homoni inayosaidia kutunza mimba, ilipunguza uzazi wa mapema kwa wanawake waliowahi kujifungua njiti: asilimia 36.3 ya waliochomwa dawa walijifungua mapema, ikilinganishwa na asilimia 54.9 ya wenzao waliochomwa sindano isiyo na dawa. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha sindano hiyo kwa jina la Makena, kwa sharti kwamba kampuni husika ifanye jaribio jingine la kuthibitisha. Matokeo ya jaribio hilo, lililohusisha wanawake zaidi ya 1,700, yalitolewa mwaka 2019 na hayakuonyesha tofauti yoyote ya maana, na Aprili 2023 dawa ikaondolewa rasmi. Wapo wanaoiona hii kuwa fedheha. Kwangu mimi, kumwondolea mjamzito sindano isiyomsaidia ni matunda ya utafiti pia.

Aspirini ilikuwa na habari njema zaidi. Katika jaribio lililofadhiliwa na NICHD na kuchapishwa mwaka 2020, wanawake karibu 12,000 wenye mimba ya kwanza, wakiwemo wa Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walipewa ama miligramu 81 za aspirini kila siku, kuanzia kati ya wiki ya 6 na ya 13, ama kidonge kisicho na dawa. Waliojifungua mapema walikuwa asilimia 11.6 kwa waliomeza aspirini na asilimia 13.1 kwa wengine. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini ni ya kidonge ambacho zahanati ya kijijini inaweza kumudu.

Basi mjamzito ajinunulie aspirini?

Hapana. Kipimo na wakati wa kuanza huamuliwa na daktari au mkunga baada ya kupima shinikizo la damu na kusikiliza historia yake, maana wapo wasiofaa kuitumia, kama wenye vidonda vya tumbo au mzio wa dawa hiyo. Aanze kliniki mapema, na akiona damu, maji yakivuja ukeni, au tumbo likikaza na kuachia mara kwa mara kabla ya wiki 37, aende hospitali siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya miadi.