Weka Kitambaa Chini Kwanza

Ukitaka kujitia hofu ya bure, chukua tochi usiku umulike kioo cha darubini yako ya kutazamia nyota kwa ubavu. Hata nilichokiosha juzi kitaonekana kama kimelala stoo mwaka mzima. Darubini nyingi ninazoletewa hazikuharibiwa na vumbi. Mwenyewe alimulika hivyo, akashtuka, akashika kitambaa.

Kioo cha kujitazamia kimepakwa mgongoni; ukikisugua unasugua kioo kitupu. Cha darubini kimepakwa usoni, utando wa alumini wenye unene wa nanomita 100 hivi, na vumbi linatua juu yake. Ndani ya vumbi hilo mna chembe za mchanga, na kufuta kukavu ni kuziburuta. Niliwahi kuletewa kioo kilichopanguswa kwa fulana: mikwaruzo ya duara, imepangana kama mistari ya santuri. Vumbi lenyewe lingempunguzia mwanga kiasi ambacho jicho lake lisingeng'amua. Mikwaruzo ile haitoki mpaka kioo kivuliwe alumini yake na kupakwa upya.

Kwa hiyo mara nyingi mimi hupuliza tu, kwa kipulizio cha mpira cha kubinya. Si kwa mdomo, mate yataruka. Makopo ya hewa ya kupuliza pia siyapendi, kwa kuwa ukiyainamisha kidogo yanatema majimaji baridi.

Kuosha kunangoja alama za vidole, chavua iliyogandamana, au utando wa mafuta usiopulizika. Vua pete na saa. Kabla ya kutoa kioo, tia alama kwa penseli kwenye kishikio chake ili kirudi vilevile. Tandika taulo ndani ya beseni, ulaze kioo, uso juu, kisha uache maji ya vuguvugu yatiririke juu yake dakika mbili tatu. Mchanga uondoke na maji, si na mkono wako. Baadaye kiloweke dakika kumi kwenye maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo isiyo na losheni. Hapo ndipo pamba inapoingia, pamba halisi, iliyolowa chepechepe: iweke ukingoni, uivute taratibu mara moja tu ikienda kwa uzito wake yenyewe, uitupe, uchukue nyingine. Usikandamize. Ukiona kidoa kimekataa, kiache.

Suuza mwisho kwa maji yaliyokenekwa, yale yaliyogeuzwa mvuke yakapozwa, kwa sababu ya bomba huacha chumvichumvi yanapokauka. Simamisha kioo kwa ukingo. Tone lililobaki liguse kwa ncha ya karatasi laini, litanyonywa lenyewe. Ukikirudisha, vioo vya darubini vitahitaji kulenganishwa upya, yaani kuelekezana sawasawa.

Lenzi ya jicho, ile unayochungulia, ndiyo inayochafuka kweli, kwa mafuta ya kope. Puliza, kisha pangusa kwa pamba iliyotiwa alkoholi kidogo. Dawa itie kwenye pamba, kamwe si kwenye lenzi, maana itapenya pembeni iingie katikati ya lenzi na hutaifikia. Kama darubini yako ni ya lenzi badala ya kioo, lenzi kubwa ya mbele usiifungue. Nafasi kati ya vipande vyake ilipimwa kiwandani.

Na umande je? Usiufute. Ingiza darubini ndani, iache wazi ikiwa imeinamishwa kidogo, ikauke, ndipo uifunike. Ukifunika ingali mbichi, unafuga kuvu.