Kadi ya bima haivuki mpaka wa Namanga

"NHIF ni NHIF, kadi yangu itasomeka." Tulihamia South B, Nairobi, kutoka Tanga tukiwa na imani hiyo kuhusu kadi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya. Usiku mmoja mtoto wetu wa miaka mitatu alishikwa na nimonia, mbavu zikibonyea ndani kila akivuta pumzi. Nilimpa karani kadi dirishani. Akaigeuza mara mbili, akanirudishia: "Mama, hii ni ya Tanzania." Kumbe mifuko ilikuwa miwili, kila nchi na wake, jina tu ndilo lililofanana. Na ule wa Kenya haupo tena: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake inafanywa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo hapa kila mtu anaiita SHA.

"SHA ni ya Wakenya peke yao." Hapana. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 inamtambua pia mgeni anayeishi nchini. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, kabla ya makato mengine. Asiye na mshahara hupimwa kipato cha nyumba yake, na kima cha chini ni shilingi 300 za Kenya kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Linaloniuma ni hili: nimekutana na akina baba wanaokatwa kila mwezi, ila mke na watoto hawajawahi kuandikishwa. Siku ya kulazwa, jina la mtoto linatafutwa kwenye kompyuta na halipo.

"Nikishalipa SHA, sidaiwi tena." Hapa ndipo watu wengi huumia. SHA hulipa kwa viwango vilivyopangwa. Kujifungua kwa upasuaji kumewekewa 30,000. Tuseme hospitali binafsi inatoza 150,000, basi 120,000 zinakusubiri wewe. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama wanapokea SHA. Uliza, "Mimi nitaongeza ngapi?", na uulize mimba ikiwa bado changa. Kwa homa na kikohozi, anzia zahanati au kituo cha afya chenye mkataba na SHA: matibabu ya kawaida huko hugharamiwa na Mfuko wa Huduma za Afya ya Msingi. Wengi wetu tunavipita vituo hivi tukikimbilia majengo ya vioo.

"Bima ya kampuni binafsi humaliza yote." Soma mkataba. Uzazi mara nyingi una muda wa kusubiri unaokaribia mwaka, na kikomo cha kulazwa ni tofauti na kile cha kutibiwa na kurudi nyumbani.

"Bila kuweka pesa kwanza hawakugusi." Usiku ule tuliambiwa tuweke 40,000 ndipo mtoto apewe oksijeni. Mume wangu alipiga simu kwa ndugu mmoja mmoja, M-Pesa zikaingia kidogo kidogo, mimi nimempakata mtoto kwenye benchi. Sikujua kwamba Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43(2), inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Haisemi Mkenya, inasema mtu. Sheria ya Afya ya 2017 inaongeza kwamba kituo chenye uwezo kikikataa kutoa huduma hiyo kinaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Gharama utadaiwa, lakini baadaye. Kwanza mgonjwa atulizwe hali, au apangiwe kupelekwa kwingine.