Msimu mmoja shambani: dhana potofu kuhusu kujifunza kilimo cha biodinamiki

Kilimo cha biodinamiki, aina ya kilimo hai (kisichotumia mbolea wala dawa za viwandani) inayoliona shamba kama kiumbe kimoja, kilianza mwaka 1924, mwanafalsafa wa Austria Rudolf Steiner alipotoa mihadhara minane kwa wakulima huko Koberwitz, kijiji ambacho leo kiko Poland. Mashamba mengi ya Ulaya yanayokifuata hupokea wanagenzi wa msimu, lakini wengi wanaotamani kwenda huko huwa wameshapotoshwa kabla ya kufunga safari.

Dhana ya kwanza ni kwamba huko ni mapumziko yenye kazi kidogo. Huenda imetokana na WWOOF, mtandao unaowapeleka watu wa kujitolea kwenye mashamba ya kilimo hai, ulioanza Uingereza mwaka 1971 kwa wikendi ya majaribio katika shamba la biodinamiki la chuo cha Emerson, Sussex. Wikendi inatosha kuonja, haitoshi kujifunza. Anayesia mbegu mwezi Machi na kuondoka Juni hatajua kosa lake la Machi lilizaa nini ifikapo Septemba. Na ng'ombe hukamuliwa alfajiri hata siku ya Jumapili.

Wengine husema ni uchawi wa pembe za ng'ombe. Pembe zipo kweli: hujazwa kinyesi kibichi cha ng'ombe, huzikwa wakati wa vuli na kufukuliwa majira ya kuchipua, wakati ambapo kilichomo kimeshakuwa cheusi, laini, chenye harufu ya udongo wa msituni. Kiasi cha kiganja hutiwa kwenye pipa la maji na kukorogwa saa nzima, upande mmoja hadi maji yachimbe shimo katikati, kisha upande wa pili, ndipo hunyunyiziwa ardhini. Hakuna ushahidi thabiti wa kisayansi kwamba mchanganyiko huo wenyewe huongeza rutuba, na mwanagenzi ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi. Lakini kulitupa shamba zima kwa sababu ya pembe ni kosa. Jaribio la muda mrefu la Therwil, Uswisi, lililoanza mwaka 1978, lilionyesha katika matokeo ya miaka 21 kwamba mifumo ya kilimo hai, biodinamiki ikiwamo, ilivuna pungufu kwa takribani asilimia 20 kuliko kilimo cha kawaida, ilhali mbolea na nishati iliyotumika ilipungua kwa asilimia 34 hadi 53, na udongo wake ulikuwa na uhai zaidi.

Si kweli pia kwamba hiki ni kilimo hai kwa jina jingine. Demeter, nembo ya kuthibitisha mazao ya biodinamiki iliyoanza kutumika mwaka 1928, hudai pamoja na mengine kwamba shamba lijitegemee kadiri iwezekanavyo kwa malisho na samadi.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni ya mtoto wa mkulima anayejiona hana la kujifunza. Mwache achomeke fimbo ya chuma katikati ya lundo la mboji, aichomoe baada ya dakika chache, aishike: ikiunguza, lundo linafanya kazi, ikiwa baridi, huenda limekauka au limekosa hewa, na itabidi aligeuze. Kipimo hicho hakina gharama, nacho hutumika Njombe sawasawa na Sussex.

Mwisho, kutolipwa mshahara hakumaanishi kwamba visa ya utalii inatosha. Katika nchi nyingi, kazi ya kubadilishana na chakula na malazi huweza kuhesabiwa kuwa ajira, kwa hiyo uliza ubalozini kabla ya kukata tiketi.