APRS: jinsi kituo cha redio ya ridhaa kinavyojitangaza mahali kilipo

APRS (Automatic Packet Reporting System) ni utaratibu unaowawezesha waendeshaji wa redio za ridhaa, yaani watu wanaowasiliana kwa redio kwa kupenda tu na si kwa biashara, kutangaza hewani, kwa pakiti fupi za data, mahali vituo vyao vilipo, pamoja na habari kama mwendo, mwelekeo, hali ya hewa au ujumbe mfupi. Wengi huuita mfumo wa kufuatilia vituo. Jina hilo linapotosha kidogo, kwa sababu hakuna anayemfuata mwenzake: kituo chenyewe ndicho kinachojitaja, na kikinyamaza, ramani haina la kusema.

Mwanzilishi wake ni Bob Bruninga, mhandisi wa Marekani mwenye alama ya wito (utambulisho wa kituo hewani) WB4APR, ambaye mwaka 1984 alitumia kompyuta ndogo ya Commodore VIC-20 kuripoti mahali walipo farasi katika mbio za maili 100. Hata hivyo yeye mwenyewe alisisitiza kwamba APRS haikukusudiwa kuwa chombo cha kufuatilia magari, bali njia ya watu walio eneo moja kupashana habari papo hapo; na herufi P katika jina APRS ni ya neno Packet, yaani pakiti.

Kipokezi cha GPS hukipa kifaa latitudo na longitudo, kifaa huzifunga pamoja na alama ya wito, kisha redio huzirusha kama mlio mfupi wa toni mbili, hezi 1200 na 2200, kwa kasi ya biti 1200 kwa sekunde. Ulaya hutumia megahezi 144.800, na Amerika Kaskazini megahezi 144.390. Kwa kuwa wote hushiriki masafa hayo mamoja, anayejitangaza kila baada ya sekunde chache huwazibia wengine njia, na huo, kwa maoni yangu, ni utovu wa adabu hewani. Nambari inayofuata alama ya wito hudokeza aina ya kituo: kwa mazoea, 9 ni gari, 7 ni redio ya mkononi na 11 ni puto.

Mawimbi haya hayafiki mbali yakizuiwa na milima, ndiyo maana vituo vilivyo juu hupokea pakiti na kuirusha upya. Pakiti hubeba idadi ya marudio iliyoruhusiwa, nayo hupungua kila inaporudiwa hadi iishe, la sivyo ingezunguka bila kikomo. Vituo vingine, vinavyoitwa malango, huipeleka kwenye seva za intaneti, ambako tovuti kama aprs.fi huichora kwenye ramani. Pakiti haifichwi kwa msimbo wa siri, hivyo mwenye kutaka mahali pake pasijulikane hana budi kuzima kifaa.

Kosa la kawaida ni kuiona nukta kwenye ramani kama mahali kituo kilipo sasa, ilhali ni mahali kiliposikika mara ya mwisho. Gari lililoingia bondeni huonekana limesimama ukingoni mwa bonde ingawa linaendelea na safari, na likiibuka upande wa pili, ramani huunganisha nukta mbili kwa mstari ulionyooka unaopita juu ya mlima ambako hakuna barabara. Kwa hiyo msomaji makini huanza kwa kutazama saa ya pakiti, kisha majina ya vituo vilivyoirudia, ndipo atazame ramani.